Ngome Zisiwe Magereza ya Utamaduni

Neno "gereza", ambalo hakuna mtoto wa Pwani asiyelijua, lina safari ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Wataalamu wa lugha hulirejesha kwenye neno la Kireno "igreja", maana yake kanisa. Wareno walipojenga ngome zao katika mwambao huu walitia makanisa ndani yake. Wenyeji wakaliita boma zima kwa jina hilo. Na baadaye, ngome zilipogeuzwa kuwa mahali pa kufungia watu, jina likabaki na maana ikahama. Huko Kilwa Kisiwani mpaka leo ngome iliyo ufukweni huitwa Gereza. Hivyo basi, katika neno moja tu tunayo historia nzima ya majengo haya: nyumba ya ibada, kisha nyumba ya mizinga, kisha nyumba ya minyororo.

Swali tunalopenda kuliweka leo mbele ya wasomaji wetu ni hili: je, majengo haya yanaweza kupewa maana ya nne, ya kuwa nyumba ya kuulinda utamaduni wa watu waliozunguka kuta zake? Jibu letu ni kwamba yanaweza, na kwamba kazi hiyo imekwisha kuanza Mombasa, Lamu na Unguja. Lakini tunaongeza papo hapo kwamba kuna njia mbili za kuifanya. Iko njia inayoulinda utamaduni, na iko njia inayoufungia. Tofauti baina ya hizo mbili ni kubwa, na yeyote anayependa mwambao huu hana budi kuijua.

Hili si jambo la anasa. Kila mwaka unaopita, tunazika wazee waliojua kuchoma chokaa ya matumbawe, kuchonga nakshi za milango, kughani tenzi kwa mahadhi yake na kuzitaja nyota za mabaharia kwa majina yake ya Kiswahili. Jiwe la ngome linaweza kungoja miaka hamsini lipate wa kulitengeneza. Mzee wa miaka themanini hawezi.

Ngomeni, Mombasa

Ngome ya Mombasa, ambayo Wareno waliiita Ngome ya Yesu na wenyeji wakaiita Ngomeni, ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mhandisi Mtaliana aliyemtumikia mfalme aliyetawala Hispania na Ureno kwa pamoja. Ilikaa juu ya mwamba wa matumbawe, mlangoni mwa bandari ya kale, ili chombo chochote kisiingie wala kutoka bila ya kuonwa na mizinga yake. Mwenye kuitazama ramani yake huona umbo la mtu aliyelala, kwa maana wajenzi wa zama hizo waliamini kwamba jengo lililo kamili hufuata vipimo vya mwili wa binadamu.

Lakini ukamilifu wa ramani haukuipa ngome hiyo amani. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa na Wareno huko Goa na kubatizwa kwa jina la Jerónimo, aliingia ndani, akamwua kapteni na kuitwaa. Mwaka uliofuata aliiacha, na Wareno wakarudi. Kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698 ngome ilizingirwa na Waomani kwa muda wa miezi thelathini na mitatu. Njaa na maradhi viliua watu wengi kuliko risasi. Wakati mmoja mwaka 1697, walinzi wa Kireno walipokwisha kwa maradhi, walioishika ngome walikuwa ni Bwana Daud wa Faza na jamaa zake, pamoja na Waafrika wengine, wanaume kwa wanawake, mpaka msaada ulipofika. Baadaye wakaja watawala wa ukoo wa Mazrui, ambao vita na siasa zao zimo katika mashairi ya Muyaka bin Haji; na mwaka 1837 Seyyid Said wa Unguja akaitia ngome mkononi mwake. Kati ya 1631 na 1875 ngome hiyo huhesabiwa kuwa imebadilisha mikono mara tisa.

Waingereza walipoweka himaya yao mwaka 1895 waliifanya jela, na jela ikabaki hadi mwaka 1958. Katika miaka hiyo sitini na mitatu mtu wa Mombasa aliyetajiwa Ngomeni hakufikiria historia. Alifikiria minyororo, uji wa wafungwa na jamaa aliyepotelea ndani. Mwaka 1958 ngome ilitangazwa kuwa jengo la kihistoria, na kwa ruzuku ya Wakfu wa Calouste Gulbenkian wa Ureno kazi ya kuitengeneza ikaanza. James Kirkman, mchimbuzi wa mambo ya kale aliyekuwa amekwisha kufukua magofu ya Gedi, aliongoza uchimbuzi huo, na mwaka 1960 makumbusho yakafunguliwa.

Tunaona kwamba kazi iliyofanyika hapo ni ya kusifiwa. Ndani ya kuta zile zile vimewekwa vyungu na vigae vya Gedi, Manda na Ungwana, vilivyokuwa vimelala ardhini kwa karne nyingi. Michoro ya mashua na watu, iliyochorwa ukutani na askari wa Kireno waliochoka kungoja meli, imehifadhiwa isifutike. Na baina ya mwaka 1977 na 1980 wapiga mbizi waliichunguza merikebu ya Kireno Santo António de Tanná, iliyokuja kuiokoa ngome ikazama mbele yake mwaka 1697. Mengi waliyoyatoa chini ya maji yakapata makao ndani ya ngome ile ile ambayo merikebu haikuweza kuiokoa. Mwaka 2011 UNESCO iliitia ngome hiyo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Hata hivyo yapasa tuulize: ngome imehifadhi nini zaidi, vitu au watu? Kigae cha Kichina kilichovunjika miaka mia tano iliyopita kina kabati lake, taa yake na maelezo yake. Ni haki yake. Lakini mshairi aliye hai, anayekaa mtaa wa pili katika Mji wa Kale, ana wapi? Makumbusho yakitunza kilichotoka ardhini na baharini tu, bila ya kutunza kilichomo vifuani mwa watu, yatakuwa yamefanya nusu ya kazi.

Lamu na Mkunguni

Tukipanda kaskazini hadi Lamu tunakuta mfano mwingine, na kwa maoni yetu ni mfano wenye somo kubwa. Ngome ya Lamu ilijengwa kati ya mwaka 1813 na 1821 kwa msaada wa Seyyid Said, baada ya watu wa Lamu kuwashinda wenzao wa Mombasa na Pate katika vita vya Shela. Haikujengwa na mgeni aliyetaka kuutazama mji kutoka juu ya mwamba. Ilijengwa kuulinda mji uliokwisha kuwapo, nao ukaendelea kukua na kuikumbatia pande zote. Nayo pia haikuepukana na balaa la kufungia watu: ilikuwa jela kuanzia mwaka 1910 hadi 1984, ndipo ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya ili itengenezwe na kutumiwa na wananchi.

Mbele ya mlango wake ndipo palipo Mkunguni, uwanja ambao kwa miaka mingi umekuwa baraza ya mji mzima. Hapo wazee hukaa kivulini, watoto hupita wakienda na kurudi chuoni, na soko liko ubavuni. Ngome ilipofunguliwa na kuwa makumbusho yenye ukumbi na maktaba, haikuhitaji kuwaita watu waje, kwani watu walikuwa wamekwisha kuketi mlangoni pake. Mtu wa Lamu anaweza kuingia ngomeni kwa mkutano, kwa arusi au kwa kusoma kitabu, bila ya kujiona kuwa ni mtalii katika mji wake mwenyewe.

Hili ndilo somo tunalotaka lishikwe. Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ngome inaweza kutengenezwa ikang'ara, ikapigwa chokaa na kutiwa taa, lakini kama mwenyeji haoni sababu ya kuvuka kizingiti chake, basi imebaki ngome vile vile. Imebadilisha adui tu: zamani iliwazuia watu kwa mizinga, sasa inawazuia kwa ugeni.

Ngome Kongwe na jirani yake

Kule Unguja, Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Kireno. Imepitia kazi nyingi kuliko wenzake. Imekuwa kambi ya askari na imekuwa jela. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilitumika kwa shughuli za reli ndogo iliyokwenda Bububu. Katika miaka ya 1940 ilitengenezwa ikawa klabu ya wanawake. Na jambo hilo tunalitaja kwa makusudi, kwa kuwa mara nyingi historia ya ngome husimuliwa kama kwamba hapakupata kukanyaga mwanamke. Katika miaka ya 1990 uwanja wake wa ndani ulijengewa ngazi za watazamaji kuzunguka jukwaa la wazi. Tamasha la filamu la nchi za majahazi lilianza kisiwani humo mwaka 1998, na tamasha la muziki la Sauti za Busara likaanza mwaka 2004. Yote mawili yakaipata Ngome Kongwe kuwa uwanja wake mkuu.

Waswahili wamezoea kucheza na maneno, na hapa mchezo umejileta wenyewe: ngome imekuwa mahali pa ngoma. Wapigaji wa taarabu, wachezaji wa ngoma za mashamba na wanamuziki wa Afrika nzima wamesimama pale palipowahi kusimama askari wa zamu. Hatujui matumizi yaliyo bora zaidi ya ukuta mnene kuliko kuzuia sauti nzuri isipeperuke.

Lakini Unguja hiyo hiyo imetupa maonyo mawili. La kwanza ni la fedha. Mwaka 2016 Sauti za Busara haikufanyika kwa kukosa wafadhili, ikarudi mwaka 2017. Jambo lililokuwa limekwisha kuzoeleka kuwa sehemu ya mwaka, kama kaskazi na kusi, liliweza kukosekana kwa sababu mtu wa mbali hakutia saini. Utamaduni unaotegemea mkono mmoja tu wa kuulisha hulala na njaa siku mkono huo unapofumbwa.

Onyo la pili ni zito zaidi. Mlango kwa mlango na Ngome Kongwe lipo jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883. Nalo lilifanywa makumbusho ya historia na utamaduni, na mtepe wa mfano, chombo cha kushonwa kwa kamba, uliwekwa humo ili vijana waone ufundi wa mababu. Tarehe 25 Desemba 2020, jumba likiwa katika matengenezo, sehemu yake kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa iliporomoka, na watu wawili wakafa. Mji Mkongwe ulikuwa katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Mamlaka ya kuuhifadhi ilikuwapo tangu mwaka 1985. Jumba lenyewe lilijulikana kuwa gonjwa kwa miaka mingi. Cheo cha dunia hakikulishika lisianguke.

Basi asitokee mtu akasema kwamba jengo likishapewa jina la makumbusho limekwisha kupona. Kuweka vitu vya thamani ndani ya nyumba inayovuja ni kuvikusanya pamoja ili vipotee siku moja.

Ufa na ukuta

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Methali hii hutajwa katika mambo ya ndoa na ya siasa, lakini katika jambo hili ina maana yake ya asili kabisa. Ngome za mwambao zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na sakafu zake zikalazwa juu ya boriti za mikoko. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya kuni nyingi, kisha kuizima kwa maji na kuiacha ikomae. Ni laini, lakini huvuta pumzi: unyevu uingiao ukutani hutoka tena, na chumvi ya bahari hutoka pamoja nao. Saruji ni ngumu na haipitishi. Fundi akipaka saruji juu ya ukuta wa chokaa, ukuta hupendeza kwa misimu michache. Ndani yake unyevu hauna pa kutokea, chumvi inaganda na kula jiwe, mwishowe plasta huanguka pamoja na uso wa ukuta wenyewe. Boriti nayo, ikikaa katika unyevu, huoza pale penye ncha zilizomo ukutani, mahali ambapo macho hayaoni.

Kwa hiyo ujuzi wa fundi wa chokaa hauwezi kuitwa kumbukumbu ya zamani ya kuwekwa kabatini. Ni dawa ambayo jengo haliwezi kuishi bila yake. Hapo ndipo tunapoona jinsi utamaduni na ngome zinavyotegemeana: ngome humpa fundi kazi na mahali pa kufundishia, na fundi huipa ngome uhai. Akifa fundi bila mwanafunzi, ngome imekwisha kuanza kuanguka, ingawa ufa wa kwanza haujaonekana.

Bahari nayo haikulala. Mwamba wa matumbawe unaoichukua Ngome ya Mombasa umekuwa ukiliwa na mawimbi, mpaka ukajengwa ukuta wa kuyazuia mwishoni mwa miaka ya 2010. Wako waliolalamika kwamba ukuta huo umebadilisha sura ya ngome itazamwapo kutoka baharini. Tunayaelewa malalamiko yao, lakini jengo lililosimama na ukuta miguuni ni bora kuliko picha nzuri ya jengo lililoporomoka.

Kuna na hatari nyingine isiyozungumzwa sana, nayo inatokana na wingi wa mapenzi. Sherehe kubwa huja na majukwaa ya chuma, vipaza sauti vya kutikisa kifua, nyaya za umeme zilizopitishwa popote na misumari iliyopigwa ukutani. Ukuta wa chokaa wenye miaka mia tatu au mia nne haukukusudiwa kwa hayo. Ulivumilia mizinga, naam. Lakini baada ya kila vita walikuwapo mafundi wa kuuziba.

Hoja za wenzetu

Tunawajua wenzetu wasiokubaliana nasi, na haki inataka tuwasikilize. Wako wasemao kwamba majengo haya ni alama za wageni waliotutawala, na kwamba fedha za wananchi hazifai kutumiwa kuifuta machozi nyumba iliyowaliza babu zetu. Hoja hii ina uchungu wa kweli ndani yake. Lakini tunawajibu kwamba ramani ya Ngomeni ilitoka kwa Mtaliana na amri ilitoka kwa mfalme wa mbali, huku ngome yenyewe ikiwa imetolewa katika matumbawe ya mwambao huu na kusimamishwa juu ya ardhi ya watu wake. Watu wa Faza waliishika, watu wa Mombasa waliipigania, Muyaka aliishi kivulini mwake na wafungwa wetu waliilainisha sakafu yake kwa nyayo. Kuiacha ianguke hakumwadhibu Mreno yeyote. Kutatunyima sisi ushahidi. Na kwa sababu hiyo hiyo tunasema kwamba miaka ya jela isifichwe. Chumba kimoja katika kila ngome kibaki kama kilivyokuwa wakati wa kufungia watu, ili mtoto aingie, aone ukubwa wake, na aelewe bila ya kuhutubiwa.

Wako wengine wasemao: yote haya ni mazuri, lakini kwanza fedha; mtalii ndiye anayelipa, basi ngome ipangwe kwa ajili ya mtalii. Hatumkatai mtalii. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini methali hiyo yataka mwenyeji apone, na haikusema kwamba mwenyeji ahame. Mgeni mwenyewe, tena yule mwenye busara, hakuvuka bahari aje aone wageni wenzake wakinunua vinyago. Amekuja kuona mahali palipo na watu wake. Ngome iliyo hai kwa wenyeji humvuta mgeni. Ngome iliyotengenezewa mgeni peke yake, yeye huitembelea mara moja tu, asirudi.

Yapasayo kufanywa

Katika Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inautambua utamaduni katika kifungu chake cha 11 kuwa msingi wa taifa, na Sheria ya Makumbusho na Urithi ilikwisha kupitishwa mwaka 2006. Sheria hazikukosekana. Kinachotakiwa ni mipango midogo inayoweza kuonekana na kupimwa, nayo tunaipendekeza kama ifuatavyo.

Kwanza, kila ngome iwe na chumba cha sauti. Washairi, waimbaji wa taarabu, akina mama wa lelemama na vugo, manahodha na wavuvi, waalikwe mmoja mmoja wanaswe sauti zao, na kila mmoja apewe nakala yake aende nayo nyumbani. Haki ya utungo ibaki kwa mtungaji na jamaa yake. Mfano mwema uko Lamu, ambako maandishi ya kale ya msikiti wa Riyadha yalipigwa picha za kompyuta huku maandishi yenyewe yakibaki kwa wenyewe. Kulinda si kunyang'anya. Mzee akijua kwamba chuo chake kitanakiliwa na kurudishwa, atafungua sanduku. Akihofia kwamba kitachukuliwa, atakufa nacho.

Pili, hakuna matengenezo yoyote yafanywe ngomeni bila ya wanagenzi. Kila fundi mkuu wa chokaa, wa boriti au wa nakshi apewe vijana wa kufuatana naye, walipwe posho, na kazi iendelee mwaka mzima badala ya kungoja msaada mkubwa uje mara moja katika miaka kumi. Ufa mdogo uzibwe na mkono wa kijana anayejifunza, chini ya jicho la mzee anayejua. Hapo jengo litakuwa limegeuka darasa, na darasa litakuwa linaliponya jengo.

Tatu, maelezo yote yaandikwe kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa lugha nyingine zozote zitakazohitajika. Tena kiwe Kiswahili safi cha watu wa mahali hapo, kisiwe tafsiri iliyokonda ya maneno yaliyoandikwa kwa ajili ya watu wengine. Watoto wa shule na wa madrasa wawe na siku zao zinazojulikana, na wenyeji wa mitaa inayozunguka ngome wasiombwe fedha ya kuingia nyumbani mwao siku hizo.

Nne, sehemu maalum ya kila shilingi inayopatikana mlangoni, iwe ni kwa kiingilio au kwa kukodishwa kwa sherehe, itengwe kwa matengenezo ya ukuta ule ule, na hesabu yake ibandikwe mlangoni kila mwaka kwa maandishi makubwa. Mtu akiona kwamba fedha yake imeziba ufa wa mnara fulani, atatoa tena kwa moyo mweupe.

Tano, sherehe zikaribishwe kwa masharti. Jukwaa lisiegemee ukuta. Kisipigwe msumari. Isitumike saruji. Kila kinachojengwa kwa ajili ya tamasha kiwe cha kuondolewa bila ya kuacha kovu, na wataalamu waikague kuta kabla ya sherehe na baada yake. Ngoma ipigwe, lakini ngome ibaki.

Sita, na hili ndilo tunalolishikilia zaidi, wasimamizi wa ngome wawe na baraza la wenyeji lenye sauti ya kweli: wazee, akina mama, mafundi, walimu na vijana. Baraza hilo lisiwe la kuitwa kunywa chai siku mgeni wa heshima anapokuja. Liulizwe kabla ya jambo kuamuliwa, na liwe na haki ya kusema hapana.

Mlinzi na mlinzi wa jela

Mlinzi na mlinzi wa jela hubeba funguo zinazofanana. Anayetazama kutoka mbali hawezi kuwatofautisha: wote wawili husimama mlangoni, wote wawili hufunga usiku. Tofauti yao ni moja tu. Aliye ndani ya nyumba ya mlinzi anaweza kutoka na kurudi apendavyo. Aliye ndani ya jela hawezi. Utamaduni uliowekwa ngomeni ukaweza kutoka kila siku ukaenda mitaani, ukaimbwa arusini, ukapakwa ukutani na fundi kijana, kisha ukarudi jioni ukiwa na jambo jipya, huo umelindwa. Ule usioweza kutoka, unaotazamwa nyuma ya kioo na mtu anayepita haraka, umefungwa kifungo cha maisha, hata kama kioo ni safi na taa ni nzuri.

Babu zetu hawakuulizwa ngome zijengwe wapi, wala hawakuulizwa zilipogeuzwa kuwa jela. Sisi, kwa mara ya kwanza katika karne nne, tunaulizwa, au tuna haki ya kudai kuulizwa. Tunawaomba wakuu wa makumbusho, serikali za mwambao na wasomaji wetu wasiiache nafasi hiyo ipite. Aliye na mzee nyumbani anayejua jambo, ampeleke kijana akakae miguuni pake juma hili hili. Aliye na madaraka juu ya ngome, afungue mlango na kuwapa wote wawili chumba, kalamu na mwiko wa chokaa. Kuta tayari zipo, na ni imara kuliko tulizoweza kujenga wenyewe. Kilichobaki ni kuamua nani ataingia ndani yake, na kuhakikisha kwamba mlango haufungwi nyuma yake.